Pasipoti Yako Inakaguliwa na Nani, na kwa Kina Gani?

Watu wengi wa Lubumbashi wanaojiandaa kwa safari yao ya kwanza ya nje humwogopa mtu mmoja tu: afisa wa DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, anayeketi nyuma ya kioo kwenye uwanja wa ndege wa Luano. Wanataka kujua atauliza nini, atafungua ukurasa gani, ana mashine au hana. Ni haki yao kuuliza, ila mtu huyo si mkali kuliko wote watakaokishika kitabu chao. Ukiondoka Luano kwenda Brussels kwa kupitia Addis Ababa, pasipoti yako itapita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja anatafuta jambo lake. Ndiyo sababu msafiri mmoja husimulia kwamba alipita bila hata kutazamwa usoni, na mwenzake wa ndege hiyohiyo husimulia kwamba aliwekwa pembeni mpaka akakata tamaa. Wote wawili wanasema kweli.

Siku hizi kitabu chenyewe huchukua sekunde chache kukaguliwa. Muda unaobaki, na mashaka yote, humwendea mtu: uso wake, vidole vyake, na kama maneno yake yanalingana na yale ambayo tayari yameandikwa juu yake mahali pengine. Asiyelijua hilo huhangaikia mambo madogo na kuyaacha makubwa.

Kaunta ya kampuni ya ndege

Mkaguzi ambaye wasafiri wengi hawamhesabu ni kijana wa kaunta anayepokea mizigo na kutoa kadi ya kupandia ndege. Hana bunduki wala muhuri, lakini ana sababu nzito ya kuwa makini: kampuni yake hulipishwa. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, zilizojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa 1944, zinaitaka kampuni iliyomleta abiria asiyeruhusiwa kuingia imwondoe tena. Juu ya hapo kuna faini. Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2001 kwamba nchi zake zitoze kampuni maelfu ya yuro kwa kila abiria aliyeletwa bila hati zinazotakiwa. Uingereza hutoza pauni 2,000 kwa kichwa. Ukizingatia faida ndogo ambayo kampuni hupata kwa tiketi moja, utaelewa kwa nini kijana yule anageuza kurasa polepole na kumwita mkubwa wake.

Hategemei kichwa chake. Anafungua Timatic, hazina ya taarifa inayotunzwa na IATA, chama cha kampuni za ndege duniani. Anaingiza uraia wako, nchi unayokwenda, nchi unazopitia na tarehe ya kuisha kwa pasipoti, na mfumo unamwambia masharti. Humo ndimo kunakotoka habari za pasipoti kutakiwa kubaki na miezi sita ya uhai kwa nchi nyingi. Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka kati yao, wao wanadai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka, kitabu kisichozidi miaka kumi tangu kitolewe, na kurasa mbili tupu.

Humo pia ndimo Mkongomani anapokutana na sharti ambalo wengi hawalijui hadi siku ya safari. Kongo ni mojawapo ya nchi chache ambazo raia wake wanatakiwa kuwa na visa ya kupita uwanjani katika nchi zote za Schengen, hata kama hawatoki nje ya jengo. Mtu anaona tiketi ya bei nafuu ya kwenda Brazil kupitia Paris, anainunua, anafika kaunta, anaambiwa hawezi kupanda. Analia, anamwita mhudumu yaya, yaani kaka au dada mkubwa: «Yaya, mi siendi Ufaransa, napita tu!» Yaya wa kaunta hana la kumsaidia. Mwenye visa halali ya Marekani au Kanada husamehewa sharti hilo, na mwenye visa ya Schengen pia. Wengine wapange njia ya Addis Ababa, Nairobi au Istanbul, na hata huko wasome masharti kwanza.

Jambo jingine la kaunta ni majina, na kwa Wakongomani lina uzito wa pekee. Tuna jina la ukoo, tuna postnom (jina linalolifuata), tuna prenom (jina la kwanza, kama Marie), na kila ofisi huyapanga inavyotaka. Kadi ya mpiga kura inasema Tshibanda, tiketi iliyonunuliwa kwa simu inasema Chibanda, na pasipoti imeweka postnom pamoja na prenom upande mmoja. Mashine haina habari kwamba Tsh na Ch hutamkwa sawa. Unaponunua tiketi, yanakili majina kutoka kwenye ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, herufi kwa herufi, na jina la ukoo ni lile lililo kabla ya alama mbili za << zinazofuatana.

Baada ya hapo taarifa zako zinakutangulia. Tangu 2018 ni kanuni ya kimataifa kwamba kila nchi iwe na mfumo wa kupokea mapema taarifa za abiria wanaokuja, ingawa si zote zimeutekeleza. Baadhi ya nchi hujibu kabla hujapewa kadi ya kupandia: huyu apande, huyu asipande. Yaani unaweza kukataliwa na nchi ya mbali ukiwa bado umesimama na sanduku lako Luano.

Kutoka nchini

Pale DGM swali ni jingine. Afisa wa nchi yako hahitaji kujua kama utapata kazi ya magendo Ulaya. Anataka kujua kama una haki ya kutoka: hati ni yako, bado ina uhai, hakuna zuio la mahakama, na kama ni mtoto, wazazi wameridhia. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano huangaliwa pia uwanjani, na Go Pass, yaani ada ya uwanja wa ndege, lazima iwe imelipwa. Nguvu ya ukaguzi wa kutoka huonekana zaidi kwa watoto. Septemba 2013 Kongo ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto waliokuwa wameasiliwa na familia za kigeni, na mamia walibaki nchini kwa miaka, wengine wakiwa tayari na hukumu za mahakama mkononi. Pasipoti zao zingeweza kuwa safi kabisa, zisiwavushe. Kwa hiyo mzazi anayesafiri na mtoto peke yake, au shangazi anayempeleka mpwa kwa mama yake, abebe idhini iliyoandikwa na kuthibitishwa, na nakala yake.

Mistari miwili ya chini

Sasa kitabu chenyewe. Fungua ukurasa wenye picha yako. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi kubwa, tarakimu na vialama vya <. Kila mstari una nafasi 44, popote duniani, kwa sababu shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga ndilo lililoweka kipimo. Wa kwanza unaanza na P, halafu COD ambayo ni msimbo wa Kongo yetu, halafu majina. Wa pili una namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya kuisha.

Katikati ya tarakimu hizo zimefichwa tarakimu za uhakiki, na unaweza kuzijaribu mwenyewe kwa kalamu. Chukua mtu aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1985. Kwenye mstari wa pili imeandikwa 850314. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha rudia 7, 3, 1 kwa zilizobaki. Unapata 56, 15, 0, 21, 3 na 4. Jumla ni 99. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo, yaani 9, ndiyo inayochapwa mara tu baada ya tarehe: 8503149. Mtu akigeuza 85 kuwa 95 ili aonekane kijana, jumla inakuwa 106, na tarakimu inayotakiwa ni 6. Asipoijua hesabu hii, mashine itamkamata kwa kufumba na kufumbua. Akiijua na kubadili tarakimu hiyo, bado kuna nyingine mwishoni kabisa mwa mstari, inayojumlisha namba ya pasipoti, tarehe zote mbili na vingine. Herufi nazo zina thamani: A ni 10, B ni 11, hadi Z ambayo ni 35, alama ya < ni sifuri.

Hesabu hii haikubuniwa kuzuia wahalifu wenye akili. Kazi yake kubwa ni kugundua makosa ya kusoma, kama vile 8 kuonekana 3. Lakini imewanasa wengi waliofuta na kuandika upya. Nchi zote zilitakiwa kuanza kutoa pasipoti zinazosomeka kwa mashine ifikapo Aprili 2010, na zile za zamani zisizo na mistari hii zilipewa mwisho wa tarehe 24 Novemba 2015. Mwenye kitabu cha zamani cha kuandikwa kwa mkono asijaribu nacho safari ya ndege.

Karatasi, taa na kidole gumba

Afisa mzoefu hukijua kitabu kwa kukishika. Chapa ya kukandamiza huacha wino ulioinuka, na kidole gumba huuhisi. Anakiinamisha upande na upande aone kama wino hubadilika rangi na kama picha ya kung'aa inatembea. Anakiweka chini ya taa ya urujuanimno (UV). Hapo ndipo karatasi ya dukani hujisema: hung'aa weupe wenye samawati, kwa sababu imetiwa kemikali za kuifanya ionekane nyeupe. Karatasi halisi ya pasipoti hubaki imefifia, halafu ndani yake zinawaka nyuzi ndogo za rangi zilizotawanyika, na michoro ambayo mchana huioni. Kwa lenzi, mstari unaodhani ni mstari tu unakuwa maandishi madogo mno. Mashine ya kunakili huyageuza kuwa ukungu.

Yote haya hufanyika tu kama afisa ana shaka. Kwenye dirisha la kwanza kuna foleni ndefu nyuma yako na afisa ana dakika moja hivi kwa kila mtu. Kama kuna kinachomsumbua, anakupeleka kwa wenzake wa hatua ya pili, ambao wana taa, lenzi, vielelezo vya pasipoti za nchi mbalimbali, na muda. Nchi zenye uwezo zina pia hatua ya tatu, maabara. Kupelekwa hatua ya pili si kuhukumiwa. Wakati mwingine ni kitabu kilichomwagiwa chai au plastiki ya ukurasa wa picha iliyoanza kuachia kwenye kona. Nawasihi sana watu wetu: msiweke pasipoti kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, wala msibandike chochote juu yake.

Chipu na saini isiyoonekana

Pasipoti za kibayometriki zina chipu ndogo isiyotumia waya, na juu yake kuna uvumi mwingi. Nimesikia watu wakisema kwamba ukipitisha kitabu kwenye mashine, afisa anaona nchi zote ulizotembelea, madeni yako, hata mara ulizokataliwa visa. Chipu haina vitu hivyo. Ina yale yaliyochapwa kwenye ukurasa wa picha, ina picha yako, na kwa nchi nyingine alama za vidole. Afisa akiona ulikataliwa visa mwaka juzi, ameona kwenye kompyuta ya serikali yake.

Tena chipu haijifungui ovyo. Ili kuisoma, mashine kwanza husoma mistari miwili ya chini, ichukue namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha, itengeneze ufunguo kutokana na hizo. Ndiyo sababu afisa hukifungua kitabu na kukilaza kifudifudi juu ya kioo. Alama za vidole zikiwemo, hufungwa kwa ufunguo wa ziada ambao nchi iliyotoa kitabu huwapa wale iliowaridhia tu.

Nguvu ya chipu iko kwenye saini. Nchi inapotoa pasipoti, hutia yaliyomo saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri inaoutunza yenyewe. Mtu akibadili hata nukta moja ya picha ndani ya chipu, saini haikubali. Kuighushi bila ufunguo huo kunazidi uwezo wa genge lolote la kuchapa hati. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalisemi: afisa wa Johannesburg au Dubai anaweza kuthibitisha saini ya Kongo endapo tu mashine yake ina cheti cha Kongo cha kuilinganishia. Vyeti hivyo hubadilishwa kati ya nchi na nchi, au kupitia daftari la pamoja la kimataifa lililoanzishwa 2007, ambalo si nchi zote zimejiunga nalo. Cheti kisipokuwepo, mashine inasoma chipu, inaona picha, na inakiri haiwezi kuthibitisha imetoka kwa nani. Hapo afisa anarudi kwenye kidole gumba na taa.

Chipu iliyokufa haiifanyi pasipoti kuwa batili. Inakupeleka tu kwenye dirisha la mtu badala ya mashine, na maswali yanaongezeka.

Kitabu cha kweli mikononi mwa mwingine

Kwa kuwa kughushi kumekuwa kugumu, walaghai wengi wameacha kugusa kitabu. Wanatafuta pasipoti ya kweli ya mtu anayefanana nao. Hapo mistari inakubali, taa inakubali, saini inakubali. Kinachobaki ni macho ya afisa.

Na macho ya binadamu ni dhaifu kuliko tunavyopenda kuamini. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanasaikolojia waliowajaribu maafisa wa pasipoti wa Australia, watu ambao kulinganisha nyuso ndiyo kazi yao ya kila siku. Walipoonyeshwa picha ambayo si ya mtu aliyesimama mbele yao, walikosea na kuikubali mara 14 katika kila 100. Miaka kazini haikuwasaidia: wazoefu hawakuwa bora kuliko wapya. Uso tusioujua huyumba kwa mwanga, ndevu, unene na miaka. Matokeo hayo yananifanya nisishangae kuona mashine za kulinganisha nyuso zikienea viwanjani, na pia yananifanya nimwelewe msichana aliyesuka nywele upya, akapungua mwili, akaulizwa maswali mengi juu ya picha yake mwenyewe. Abebe kitambulisho kingine chenye picha ya karibuni.

Njia nyingine ya kumnasa mwenye kitabu cha mwingine ni kuuliza kama kitabu hicho kimeripotiwa kupotea. Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ilianzisha mwaka 2002 hazina ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea. Kuwa nayo ni jambo moja, kuitazama ni jingine. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia Airlines namba MH370 iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing, ikapotea. Ndani yake walikuwemo vijana wawili wa Iran waliosafiri kwa pasipoti za Italia na Austria zilizoibwa Thailand. Zote mbili zilikuwa kwenye hazina ya Interpol. Hakuna aliyeuliza. Wachunguzi hawakuwahusisha vijana hao na ugaidi, lakini Interpol ilitumia nafasi hiyo kusema wazi kwamba mwaka uliotangulia abiria walipanda ndege zaidi ya mara bilioni moja bila pasipoti zao kulinganishwa na hazina hiyo. Tangu hapo nchi nyingi zimejirekebisha.

Kwa msafiri wa kawaida hili lina maana moja ya haraka. Ukiripoti pasipoti imepotea, halafu ukaikuta chini ya godoro wiki mbili baadaye, kitabu hicho kimekufa. Usisafiri nacho. Namba yake ikishapelekwa Interpol utazuiwa nchi ya watu, na maelezo yako ya godoro hayatakusaidia kwenye dirisha la kwanza.

Kwa nini sisi tunaulizwa zaidi

Hapa nitasema ninachokiamini bila kuzunguka. Kina cha ukaguzi kinategemea rangi ya kitabu chako kuliko tabia yako. Hadi Aprili 2017 raia wa Umoja wa Ulaya aliyeingia Schengen aliangaliwa kwa wepesi: ni yeye, kitabu kina uhai, basi. Kuanzia hapo sheria ilibadilika, naye akaanza kulinganishwa na orodha za polisi kwa utaratibu. Lakini haulizwi atalala wapi, ana fedha kiasi gani, wala tiketi ya kurudi iko wapi. Mkongomani huulizwa yote hayo, na sheria ya mipaka ya Schengen inampa afisa haki ya kuuliza hata kama una visa. Visa inakufikisha mlangoni. Anayefungua ni afisa wa mlangoni. Mama anayesema «si niko na visa?» hajakosea kushangaa, kwa sababu aliwahi kujibu maswali hayohayo ubalozini na kulipia.

Upande wa vidole pia. Ulipoomba visa ya Schengen ulitoa alama za vidole vyote kumi, na zilihifadhiwa kwenye mfumo wao. Ukifika Brussels, afisa anasoma visa, unaweka vidole kwenye kioo, mfumo unasema kama ndivyo vilevile. Mtu aliyeazima pasipoti ya ndugu yake anaweza kuyashinda macho, vidole hawezi. Tangu Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kwa awamu mfumo wa kuandika kila mgeni anapoingia na kutoka, kwa uso na vidole, mahali pa mihuri ya wino. Aliyekaa siku nyingi kuliko alizopewa ataonekana bila afisa kuhesabu mihuri. Wafanyabiashara wetu wa Guangzhou wameshazoea: China ilieneza uchukuaji wa alama za vidole za wageni mipakani mwake mwaka 2018. Marekani ilianza zamani zaidi, mwaka 2004.

Katikati ya safari, pale Addis Ababa, kuna ukaguzi ambao haumo kwenye ratiba. Kabla ya kupanda ndege ya Ulaya au Amerika, hati huangaliwa tena mlangoni. Nchi kama Kanada, Marekani na Uingereza huweka maofisa wao kwenye viwanja vya nje kuzishauri kampuni za ndege juu ya abiria wenye mashaka. Hawana mamlaka ya kukukamata katika nchi ya watu, lakini kampuni ikishauriwa isikubebe, mara nyingi haikubebi.

Kasumbalesa

Barabara ina sura nyingine. Kilomita kama 90 kutoka mjini Lubumbashi, pale Kasumbalesa mpakani na Zambia, malori ya shaba na kobalti yamepangana, madereva wanasubiri karatasi za mizigo, na katikati yao anapita mtu wa basi la Kitwe au Lusaka na pasipoti yake. Huku hakuna kampuni ya ndege iliyotuma jina lako kabla. Ukaguzi unaanza ulipofika dirishani, na muhuri bado ndio ushahidi mkuu. Kwa hiyo usome. Hakikisha umepigwa muhuri wa kutoka upande wetu kabla ya kuvuka, na upande wa Zambia angalia tarehe na idadi ya siku ulizopewa ukiwa bado umesimama hapo. Kosa la kalamu kwenye siku hizo husahihishwa kwa dakika mbili dirishani. Ukirudi baada ya mwezi, ni wewe utakayeulizwa kwa nini umezidisha.

Watu wanachanganya pia kufutwa kwa visa na kufutwa kwa ukaguzi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kenya iliondoa visa kwa Wakongomani kuanzia Septemba 2023. Ada na foleni ya kuomba visa vimeondoka. Pasipoti bado inasomwa na jina lako bado linalinganishwa na orodha zao.

Karatasi iliyo nyuma ya pasipoti

Kila anayefanya kazi ya mipaka anajua kwamba pasipoti ni ya kweli kwa kadiri cheti kilichoizaa ni cha kweli. Mtu akienda na cheti cha kuzaliwa cha uongo, akapewa pasipoti halisi yenye chipu halisi na saini halisi, hakuna mashine ya mpakani itakayopiga kelele.

Kongo ina jeraha hapo. Sensa ya mwisho ya watu ilifanyika mwaka 1984. Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura imekuwa ikishika nafasi ya kitambulisho cha taifa. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa 2013–2014 ulikuta kwamba katika watoto wa chini ya miaka mitano, karibu mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyeandikishwa kwa serikali. Wengi hujitafutia cheti wakiwa wakubwa, kupitia hukumu ya mahakama ya kufidia cheti, ile tunayoiita kwa Kifaransa jugement supplétif. Ni njia halali kabisa. Lakini hukumu iliyotolewa wiki mbili kabla ya kuomba visa humtia shaka afisa wa ubalozi, na tarehe iliyokadiriwa na mjomba mahakamani huenda isilingane na ile ya cheti cha ubatizo au diploma. Ndiyo sababu familia za Kikongomani zinazoomba kuungana Ubelgiji huombwa wakati mwingine vipimo vya vinasaba, huku pasipoti zote zikiwa mezani na hakuna aliyetilia shaka hata moja.

Kwa hiyo ukiwa kwenye kituo cha kuchukuliwa picha na vidole, kabla hujasaini fomu, soma kila herufi inayoonekana kwenye skrini: jina, postnom, mahali pa kuzaliwa, tarehe. Ukikuta Likasi mahali pa Lubumbashi, sema hapohapo. Kosa hilo likishachapwa litakufuata kwenye visa, kwenye tiketi, na kwenye swali la kwanza la afisa, «ulizaliwa wapi?», ambalo kila mtu hudhani ni rahisi. Na kwa mtoto anayezaliwa leo, sheria ya familia inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha kwa ofisa wa hali ya raia. Zikipita, njia inayobaki ni mahakama.